Chuma katika maji ya kisima kinavyoila dawa uliyotia mtungini

JE, umewahi kuchota maji ya kisima cha pampu yakiwa maangavu kabisa, ukayaacha ndooni usiku kucha, na asubuhi ukayakuta yamegeuka rangi ya udongo mwekundu? Au umewahi kupika chai kwa majani yale yale ya kila siku, nayo ikatoka nyeusi kama wino? Pengine umeona wali ukiingia manjano, shuka nyeupe ikipata madoa ya kutu, na ndoo ikishika utando wa rangi ya chungwa usiotoka hata kwa kusugua.

Ikiwa umeyaona hayo, maji yako yana madini ya chuma. Wengi wetu hulalamika kuhusu nguo na chai, tukaishia hapo. Lakini kuna jambo lililo kubwa kuliko madoa. Chuma hicho kinaweza kuimaliza klorini unayotia mtungini kabla haijavifikia viini vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Unatia dawa, unangoja nusu saa kama ulivyoagizwa, unawapa watoto maji ukiwa na imani, kumbe dawa ilikwisha zamani na viini vingali hai.

Katika ukurasa huu tutaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na hatua unazoweza kuchukua nyumbani.

Chuma hutoka wapi?

Mvua inaponyesha, maji hupenya ardhini na kupitia katika udongo na mawe yenye chuma. Chini kabisa hakuna hewa ya oksijeni. Pasipokuwa na oksijeni, chuma huyeyuka majini kama chumvi inavyoyeyuka, wala hukioni kwa macho. Ndiyo sababu maji yakitoka tu kwenye pampu huwa maangavu.

Yanapokutana na hewa, oksijeni huingia majini na kukigeuza chuma. Wataalamu husema chuma kimeoksidishwa. Ni jambo lile lile linalolipata jembe ulilolisahau kwenye mvua: linashika kutu. Kutu haiyeyuki katika maji, hivyo hugandamana kuwa chembechembe za rangi ya udongo na kutuama chini ya ndoo.

Chuma kinaweza pia kutoka kwenye mabomba. Maji yenye ukali, yaani yenye asidi, huyala mabomba ya chuma polepole. Kama maji ya kwanza ya asubuhi ndiyo mekundu, kisha yanakuwa safi ukiendelea kupiga pampu, yashuku mabomba kabla ya kuushuku udongo.

Je, chuma chenyewe ni sumu? Kwa kiasi kinachopatikana kwa kawaida visimani, mtu mwenye afya hadhuriki. Miili yetu inakihitaji ili itengeneze damu. Shirika la Afya Duniani halikuweka kiwango cha chuma katika maji kwa sababu ya madhara ya kiafya. Kiwango cha miligramu 0.3 kwa lita kinachotajwa mara kwa mara ni kile ambacho kikipitwa, nguo huanza kushika madoa. Hatari iko mahali pengine, na hapo ndipo tunapoelekea.

Gando la kaa

Laiti chuma chote kingekuwa cha namna hiyo, kazi ingekuwa rahisi. Ungeacha maji yatuame, ukamimina yale ya juu, basi. Lakini kipo chuma cha pili, kilicho kikaidi zaidi.

Mtu anayeishi karibu na kinamasi chenye mafunjo amewahi kuona maji yenye rangi ya chai nyepesi. Rangi hiyo hutoka kwenye majani na mizizi iliyooza kwa muda mrefu. Ndani ya maji hayo mna kemikali za mimea zenye mikono mingi midogo. Zikikutana na chembe ya chuma, huikumbatia kutoka pande kadhaa kwa pamoja, kama kaa anavyobana kidole cha mvuvi kwa gando lake. Wanakemia huuita muungano huo kileti, jina lililotokana na neno la Kigiriki cha kale lenye maana ya gando.

Chuma kilichoshikwa hivyo hakifuati kanuni ya jembe na mvua. Hewa inaweza kuingia majini, na chuma chenyewe kikageuka, lakini hakianguki. Gando limekishikilia. Utaacha maji siku tatu, nayo yatabaki na rangi ile ile bila mashapo. Ukiyamimina katika kitambaa, yatapita yote pamoja na chuma chake.

Ili chuma hicho kianguke, ni lazima gando lenyewe livunjwe. Kazi hiyo huhitaji kitu chenye nguvu kuliko hewa. Klorini inaweza. Katika mitambo ya maji ya miji, wataalamu hutumia pia pamanganeti, ile dawa ya rangi ya zambarau, au gesi ya ozoni. Hata mwanga wa jua huvunja baadhi ya magando hayo katika mito na maziwa, ingawa huchukua muda. Kemikali hizo huyashambulia magando na kuyamega vipande vipande, mpaka yasiwe na nguvu ya kushika. Hapo chuma huachiliwa, kikageuka kutu na kutuama.

Sasa fikiri, msomaji. Ikiwa klorini ndiyo inayofanya kazi ya kukigeuza chuma na kuyamega magando, itabaki ngapi ya kuua viini?

Hesabu ya mtungi mmoja

Tufanye hesabu ndogo. Chukua mtungi wa lita 20. Kwa maji maangavu, kipimo cha kawaida cha dawa ya nyumbani huingiza takriban miligramu 2 za klorini katika kila lita. Kwa mtungi mzima ni miligramu 40.

Tuseme maji ya kisima chako yana miligramu 5 za chuma kwa lita. Mtungi wako basi una miligramu 100 za chuma. Kila miligramu 1 ya chuma hula karibu miligramu 0.64 za klorini ili igeuke kutu. Chuma chako kinahitaji miligramu 64, na wewe umetia 40. Dawa yote imeliwa na chuma, kikabaki na njaa. Viini havikuguswa.

Ukitia kipimo mara mbili, yaani miligramu 80, zitabaki 16, ambazo ni chini ya miligramu 1 kwa lita. Na hapo hatujahesabu sehemu itakayoliwa na magando yenyewe. Maji ya rangi ya chai yanaweza kuimaliza hiyo iliyobaki.

Kumbuka kwamba viini havifi papo hapo. Klorini iliyo huru inapaswa kubaki majini kwa dakika 30, na mwisho wa muda huo iwepo angalau miligramu 0.5 kwa lita. Wakati wa kunywa, baada ya maji kuhifadhiwa, isipungue miligramu 0.2. Kinachomlinda mtoto wako ni kile kinachobaki baada ya chuma na uchafu kuchukua fungu lao. Kile ulichomimina si kipimo cha usalama.

Tazama sasa tofauti. Ukipunguza chuma hadi miligramu 1 kwa lita kabla ya kutia dawa, chuma kitakula miligramu 13 tu kati ya 40. Zitabaki 27, na hizo zinatosha kufanya kazi katika maji yasiyo na uchafu mwingi. Dawa ni ile ile na kipimo ni kile kile. Kilichobadilika ni mpangilio wa kazi.

Jaribio la gilasi

Unaweza kuyajua maji yako bila maabara. Chota maji moja kwa moja kutoka pampu, ukiisha kupiga kwa dakika chache. Yatie katika gilasi nyeupe na uiweke juu ya karatasi nyeupe.

Ikiwa maji ni maangavu mwanzoni, kisha yakageuka rangi ya udongo baada ya saa chache na kutoa mashapo, chuma chako ni kile cha kawaida. Hewa inatosha kukiondoa.

Ikiwa maji yana rangi ya chai tangu mwanzo, na kesho yake yako vile vile bila mashapo, shuku magando.

Ikiwa maji ni mekundu tangu yanapotoka na yana chembechembe, kutu imo tayari, pengine kutoka kwenye mabomba.

Ikiwa yanatoa madoa meusi badala ya mekundu, huenda kuna madini ya manganizi, nduguye chuma. Manganizi ni mkaidi zaidi mbele ya hewa, nayo hula klorini maradufu ya chuma. Zaidi ya hayo, manganizi ikizidi inaweza kudhuru afya ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo. Ukiona madoa meusi, peleka maji yapimwe kupitia ofisi ya afya ya umma au ya maji katika kaunti yako.

Hatua za kuchukua

Kwanza, yape maji hewa. Mimina kutoka ndoo moja hadi nyingine mara kadhaa, ukiinua ndoo ya juu ili maji yaanguke kama maporomoko madogo. Kazi hii hukaribisha oksijeni. Kiasi cha oksijeni kinachohitajika ni kidogo mno, miligramu 0.14 kwa kila miligramu ya chuma, na maji yaliyopata hewa ya kutosha huwa na miligramu 7 au 8 kwa lita.

Pili, yaache yatuame usiku kucha katika chombo kilichofunikwa. Asubuhi mimina yale ya juu polepole, ukiacha mashapo. Yapitishe katika kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa, au katika chujio la mchanga. Ikiwa maji yana asidi, chuma hugeuka polepole sana. Shule na makanisa yenye matangi yanaweza kuyapitisha maji katika kokoto za mawe ya chokaa, ambazo hupunguza ukali na kuharakisha kazi.

Tatu, sasa tia klorini. Fuata maelezo ya chupa, kwa kuwa nguvu ya dawa hutofautiana. Ngoja dakika 30 kamili. Kisha nusa. Maji yaliyo salama huwa na harufu hafifu ya klorini. Usipoisikia, rudia kipimo kile kile mara moja, koroga, na ungoje tena dakika 15. Harufu ikikosa tena, maji hayo bado yana kitu kinachoila dawa. Usiendelee kumimina dawa kiholela. Yasafishe upya au uyachemshe.

Nne, kwa maji yenye rangi ya chai, hewa na kitambaa havitoshi. Magando hayo huweza kugandishwa kwa shabu, ile chumvi nyeupe inayotumiwa tangu jadi kutulizia maji ya mto, na ambayo mitambo ya miji hutumia aina yake. Huko madukani na katika misaada ya dharura zipo pakiti za unga zilizochanganya dawa ya kugandisha na klorini, na pakiti moja hutosha lita 10. Ukikoroga kama ulivyoelekezwa, utaona uchafu ukijikusanya kuwa mabonge na kuzama. Chuja kwa kitambaa, ungoje muda ulioandikwa, kisha unywe. Mashapo yatupe chooni, mbali na watoto na mifugo.

Tano, kuchemsha hakutegemei klorini, kwa hiyo chuma hakiwezi kukuzuia. Maji yakitokota kwa nguvu, acha dakika 1. Ukiwa nyanda za juu zinazopita mita 2,000, kama Limuru au Nyahururu, acha dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota yakiwa na joto pungufu. Rangi inaweza kubaki, lakini viini vitakuwa vimekufa. Ubaya wake ni gharama ya kuni, makaa au gesi, na maji yaliyochemshwa hayana dawa ya kuyalinda yakichafuliwa tena. Yaweke katika chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko.

Makosa yanayofanywa mara nyingi

Wako wanaokamulia limau katika maji ya kutu na kufurahi yakiwa maangavu. Limau halikuondoa chuma. Asidi yake ni gando pia. Imekiyeyusha chuma na kukificha machoni pako. Vilevile usitie limau, sharubati wala majani ya chai katika maji ambayo umetoka kuyatia klorini. Vitamini C ya limau huimaliza klorini mara moja. Ngoja dakika 30 ziishe, ndipo uongeze unachotaka.

Hata hivyo, limau lina kazi yake kwenye nguo. Doa la kutu likipakwa limau na chumvi hulegea, kwa kuwa gando limekishika chuma na kukitoa kwenye uzi. Lakini dawa ya kung'arisha nguo nyeupe hufanya kinyume. Klorini yake hukigeuza chuma kuwa kutu ndani ya kitambaa, na doa hudumu. Mama anayetia dawa hiyo katika maji yenye chuma anashangaa kwa nini shuka zinazidi kuwa na manjano kila anapozifua.

Kosa jingine ni kuogopa klorini kabisa. Ni kweli kwamba klorini inapoyamega magando ya mimea hutoa kemikali nyingine, kama vile klorofomu, na baadhi yake hazifai zikizidi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 0.3 za klorofomu kwa lita. Lakini shirika hilo hilo linasisitiza kwamba kuua viini kusiachwe kwa sababu ya hofu hiyo. Kipindupindu kinaweza kuua mtu mzima kwa saa chache. Mlipuko ulioanza nchini Oktoba 2022 na kuendelea 2023 ulitukumbusha jambo hilo. Njia ya busara ni kuondoa rangi kwanza, ndipo utie klorini. Kwa kufanya hivyo, unapunguza kemikali hizo na unaokoa dawa.

Gando si adui siku zote

Usifikiri gando ni baya kila mahali. Damu yako yenyewe inabeba chuma kwa namna hiyo, kikiwa kimeshikwa katikati ya kemikali inayoifanya iwe nyekundu. Tangu 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaopakiwa viwandani uongezwe madini na vitamini. Chuma kinachotiwa katika unga wa mahindi kimeshikwa na gando la kutengenezwa liitwalo EDTA. Sababu ni kwamba pumba za mahindi zina gando lao, ambalo hukinyakua chuma na kukinyima mwili. EDTA hukilinda chuma njiani, kisha hukiachilia tumboni.

Hospitalini, madaktari hutumia gando la jamii hiyo hiyo kuitoa risasi katika damu ya mtu aliyedhurika na madini hayo. Hiyo ni tiba ya hospitali pekee. Ikitumiwa ovyo, hudhuru figo na kuondoa madini ambayo mwili unayahitaji.

Na ile chai nyeusi kama wino? Ni gando la majani ya chai limekikamata chuma. Linalotokea kikombeni hutokea pia tumboni. Ukinywa chai pamoja na chakula, sehemu ya chuma cha mboga na maharagwe hupita bila kufyonzwa. Mama mjamzito na mtu mwenye upungufu wa damu wangoje angalau saa moja baada ya kula, na wasimeze vidonge vya chuma kwa chai. Chungwa au nyanya mbichi kando ya sahani hufanya kazi ya kinyume: husaidia mwili kukipokea chuma.

Maswali ya kuuliza kisimani

Ikiwa maji yenu hutoka katika kisima cha jumuiya, ulizeni kamati maswali matatu. Maji yalipimwa lini, na yalikuwa na chuma na manganizi kiasi gani? Mabomba yaliyoshushwa ni ya chuma au ya plastiki? Na klorini hupimwa wapi, kwenye tangi au kwenye mfereji wa mwisho ambapo watu huchota? Kipimo cha kwenye tangi hakimsaidii anayeishi mwisho wa bomba, ikiwa chuma kimeila dawa njiani. Vifaa vidogo vya kupima klorini kwa rangi hutumiwa na maafisa wa afya ya umma. Waombeni waje, hasa wakati wa mvua na wakati wa mlipuko wa maradhi.

Leo jioni weka gilasi ya maji ya kisima chako dirishani, na kesho asubuhi itazame kabla ya kuushika mtungi wa dawa. Ukiona mashapo, ujue klorini yako ina mshindani. Mwondoe kwanza, ndipo dawa ipate nafasi ya kuwalinda walio nyumbani mwako.